Jarida la Bure na Sufuria za Kaloleni

Swali la kwanza mtakaloulizwa na kila mtu, kuanzia shangazi yenu hadi mkuu wa idara, ni hili: kama mwandishi halipi na msomaji halipi, nyinyi mnakula nini? Mimi nilizoea kujibu kwamba tunakula ugali kama watu wengine. Baadaye nilijifunza kujibu kwa adabu zaidi, lakini bado naona lile jibu la ugali halikuwa baya.

Wambui, mhariri wenu mkuu wa sasa, ameniambia niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya jarida, na akaniomba nisihubiri. Nitajaribu. Naitwa Nekesa. Riziki yangu niliipata katika kampuni ya vitabu vya shule, nikinyoosha sentensi za watu mchana kutwa. Jarida nililifanya Jumamosi, na zile saa ambazo wenzangu walikuwa wakitazama mpira. Lilikuwa jarida la utafiti wa lishe na mboga za kienyeji: managu, terere, mrenda, kunde, saga. Cheo changu kilikuwa mhariri msimamizi, maana yake yule anayepigiwa simu.

Hatukuwa na ofisi. Mhariri mkuu wetu, Profesa Njoroge, alikuwa mtu wa kicheko kikubwa na mwandiko mbaya, na chuo chake kilikuwa kimetupa nafasi ya kuweka tovuti kwenye kompyuta ya idara, basi. Mahali pa kukutania tulijitafutia wenyewe. Mimi nilizaliwa Kaloleni, hapa Nairobi, baba akiwa mtu wa reli, kwa hiyo nilikwenda kwa Mzee Barasa, jirani yetu wa zamani aliyetunza funguo za ukumbi wa mtaa. Akatupa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea viti vibovu na sufuria za matanga.

Sasa, kwa wasiopajua Kaloleni: mtu akifiwa, kamati ya matanga hukaa ukumbini na karatasi na kalamu, kila siku, mpaka mwili uondoke kwenda kuzikwa nyumbani magharibi. Mtu yeyote akiona watu wazima wameinamia karatasi ndani ya ukumbi ule, hana haja ya kuuliza. Jumamosi yetu ya kwanza mama mmoja aliingia taratibu, akakaa, akashusha pumzi, akatuacha tumalize kubishana kuhusu muhtasari wa makala fulani ya kunde. Kisha akauliza kwa upole, "Poleni sana. Mwili uko wapi?"

Profesa akamweleza kwamba hakuna aliyekufa, hili ni jarida. Yule mama akatutazama nyuso zetu mmoja baada ya mwingine.

"Sawa," akasema. "Lakini mko salama kweli?"

Akaenda akatuletea chai. Tangu siku hiyo mtaa wote ulituita kamati isiyo na marehemu, na sikuwahi kusikia maelezo bora ya bodi ya wahariri.

Mzee Barasa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa karibu kila kamati ya matanga pale. Alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu, mtu mfupi wa kofia, asiyependa maneno mengi. Alikuwa akikaa mlangoni akitusikiliza, na siku moja alinivuta kando. Mimi nilikuwa nimetoka kuuliza mkutano mzima, "Nani atasaidia kusoma makala haya?" na wote wakainamisha vichwa utadhani nimesema tuombe.

"Nekesa mwanangu," akasema, "usiulize nani atasaidia. Sema Atieno, chai. Sema Wafula, viti. Mtu akitajwa jina mbele ya wenzake, kukataa ni kazi."

Vijana, hilo peke yake lingetosha nikaiweka kalamu chini. Msitume barua pepe kwa watu wote mkiomba msaada. Barua ya watu wote haina mwenyewe. Kila makala yapewe mtu mmoja anayejulikana, na jina lake litajwe mahali wenzake watalisikia.

Na mhakiki, yule aliyepewa makala ayapime, akichelewa, mpigie simu. Mwulize habari za nyumbani kwanza, mzazi wake anaendeleaje, mahindi yamefika wapi, ndipo uingize habari ya makala polepole. Anayejibu "niko karibu kumaliza" hajafungua. Anayejibu "makala haya yamenikera" amesoma yote, huyo mshukuru na umwache. Mkikataa makala ya mtu, semeni hivyo katika mstari wa kwanza. Msimzungushe aya nzima ya sifa huku moyo ukimdunda. Na jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo tarehe hiyo iwe kwenye simu za watu kadhaa. Sisi ilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja, akaenda shambani kuvuna, na kwa wiki kadhaa msomaji aliyetafuta terere alikutana na tovuti ya kubashiri mpira.

Siku hizi mna adui mpya, makala yanayotaja vitabu visivyokuwepo. Juzi Wambui alinionyesha mojawapo. Yamepangwa vizuri, na katika orodha ya marejeo nimo mimi, mwandishi wa utafiti kuhusu kuchachusha mrenda. Sijawahi kuuchachusha mrenda maishani mwangu na sioni kwa nini mtu afanye hivyo. Fungueni kila rejeo. Ndiyo, kila moja.

Kuhusu kuficha majina, mtafanya mnavyoweza. Kanuni inasema mhakiki asimjue mwandishi, wala mwandishi asimjue mhakiki. Kwenye fani ya watu wachache hivi, ambapo wote wamesomeshwa na walimu wale wale, ninafuta jina la mwandishi kwa bidii, kisha mhakiki ananiandikia, "Mwambie Mutiso kwamba saga haikaushwi hivyo." Futeni hata hivyo. Ni heshima.

Narudi kwenye kile chumba cha nyuma. Tulipokuwa tukitunga kanuni za jarida, tulikwama kwenye jambo moja: makala yakishachapishwa, ni ya nani? Majarida mengi humfanya mwandishi atie sahihi kwamba haki zote zimehamia kwa mchapishaji. Wengine wetu tuliona ndivyo wakubwa wanavyofanya, na sisi tulitaka kuonekana wakubwa. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mzee Barasa alikuwa akipanga sufuria kando, maana kulikuwa na matanga yaliyokwisha siku hiyo. Akaigeuza moja, kubwa kabisa, akatuonyesha chini. Palikuwa na jina limeandikwa kwa rangi nyekundu: Mama Nekesa. Ilikuwa ya mama yangu.

"Hizi zote tunaazimwa," akasema. "Tunapika humo, watu wanakula, halafu kila moja inarudi kwa mwenyewe. Hatujawahi kusema kwa sababu tumeipikia ni yetu."

Profesa alicheka kile kicheko chake hadi viti vibovu vikatetemeka. Akachukua kalamu akaandika kanuni papo hapo, kwa ule mwandiko wake mbaya: makala yanabaki kuwa ya mwandishi, sisi tunapewa ruhusa ya kuyachapisha, na mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuyasambaza mradi ataje aliyeyaandika. Chini yake akaongeza kwamba anayechapishwa nasi atawasomea wenzake makala mawili, kama vile Kaloleni ukisaidiwa leo unatarajiwa kubeba viti kwa jirani. Alijivunia kanuni hizo sana. Kumbukeni kwamba aliziandika yeye.

Wambui alitujia miaka mingi baadaye. Alikuwa mwanafunzi wa uzamifu, mtoto wa Komarock, mama yake akiuza mboga kando ya barabara ya Kangundo, na utafiti wake ulihusu namna ya kukausha managu bila kuyaharibu. Chuo chake hakimruhusu mtu kufuzu kabla hajachapisha makala kwenye jarida linalotambuliwa. Alinipigia simu.

"Sasa Madam. Nilikuwa nataka kujua mnalipisha ngapi."

"Hatulipishi."

"Hapana, nauliza ile ya mwisho. Ile ya kutoa makala."

"Hata hiyo hatulipishi."

"Madam, usiniskize vibaya. Lakini vitu za bure hapa Nairobi ndio hunimaliza."

Hakuwa na kosa. Alikuwa ameshaumwa. Jarida fulani la mtandaoni lilikuwa limemsifu, likala akiba yake, likachapisha kazi yake bila mtu kuisoma hata kichwa, na msimamizi wake akaikataa. Kwa hiyo wahakiki wetu wawili walipomrudishia makala yake yamejaa maswali kila ukurasa, alifurahi kwanza, halafu akalia, halafu akaanza kuyarekebisha. Yalikwenda na kurudi mpaka yakawa makala ya kweli, na nilikuwa nayapenda.

Wakati huo ndipo kampuni kubwa ya uchapishaji kutoka ng'ambo ilipotuandikia. Ililitaka jarida letu. Wangetupa tovuti nzuri, wafanyakazi wa kulipwa, na jina letu katika kila orodha inayotajwa kwenye mikutano ya kupandisha watu vyeo. Msomaji angeendelea kusoma bure. Mwandishi ndiye angelipa, ada inayozidi mshahara wa mwezi wa wengi wetu, na asiye na uwezo angeruhusiwa kuomba punguzo kwa kuandika maelezo. Nilipomwambia Wambui hilo aliguna. "Niandikie wazungu barua nijieleze vile nimesota?"

Tulikutana ukumbini kuamua. Profesa Njoroge hakucheka siku hiyo. Alikuwa amekonda, na alizungumza akitazama mikono yake.

"Nekesa, nimechoka. Nimechoka kuwaomba watu wasome. Nimechoka kuwaomba watu wa kompyuta wawashe mashine. Hawa watu wanalipwa kufanya haya tunayofanya tukisinzia."

Nilimjibu kwamba mtu kama Wambui hataingia tena. Akasema Wambui mmoja hawezi kubeba jarida. Nilikasirika, na zaidi kwa sababu nami nilikuwa nimechoka vile vile na hakuna aliyeniuliza. Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Nikashindwa. Nilikwenda kulia kwenye choo cha ukumbi, na sioni haya kuwaambia.

Kisha mawakili wa ile kampuni wakaomba hati za umiliki wa makala yote ya nyuma, ili wayahamishe. Baada ya siku kadhaa Profesa akanipigia.

"Nekesa," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekalia mwiba, "hizi makala si zetu."

"Najua, Prof. Uliandika wewe."

Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka. Ile kampuni ilipoambiwa kwamba italazimika kumwomba kila mwandishi mmoja mmoja, ilisema inatosha, na ikachukua kilichokuwa chetu kukitoa: jina, na nafasi ya jina hilo katika orodha zinazotambuliwa na vyuo. Profesa akaenda nalo kama mhariri mkuu. Sisi wachache tuliobaki tulikuwa na makala yote ya nyuma, wahakiki wetu, na chumba chenye viti vibovu. Tukaanza jarida jipya. Wambui alitaka tuliite Sufuria. Nilikataa, maana hakuna profesa atakayepanda cheo kwa kuchapishwa kwenye Sufuria, na tukalipa jina hili la kawaida mnalolijua.

Lakini jina jipya halijulikani popote, na hapo ndipo roho iliponiuma kwa ajili ya msichana yule. Nilimwita nyumbani kwangu Donholm, nikampikia, nikamwambia ukweli.

"Makala yako yako tayari. Ukiyapeleka kwa lile jina la zamani utalipa, lakini chuo kitayakubali na utafuzu mwaka huu. Ukiyaleta kwetu, chuo kinaweza kuyakataa. Sitakulaumu ukienda."

Alitafuna kwa muda. "Wale wawili walinisumbua na maswali, wako upande gani?"

"Wako huku."

"Basi na mimi niko huku. Hao ndio walinifunza kuandika." Akajipakulia mboga tena. "Lakini nikikosa kugraduate, ni wewe utaenda kuexplain kwa mathangu." Nikamwahidi kwamba nitakwenda kwa mama yake.

Chuo kilikataa. Wambui alikosa mahafali ya mwaka ule, na gauni lilikuwa limeshashonwa. Nami nikatimiza ahadi. Nilimkuta mama yake kwenye kibanda chake Komarock, akichambua managu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hivyo wewe ndiye ule wa bure," akasema.

"Ndiyo, Mama Wambui."

"Keti."

Akanisogezea kiti kidogo na rundo la managu, na tukachambua pamoja, yeye akifikiri na mimi nikiogopa. Wateja walikuja wakaenda. Mwishowe akaniuliza, "Hiyo kazi yake, mimi naweza kuisoma?" Nikamwambia naam, mtu yeyote. "Hata bila kulipa?" Hata bila kulipa. Nikaifungua kwenye simu yake hapo hapo. Ilikuwa imeandikwa Kiingereza cha kisomi, lakini kulikuwa na picha za trei za kukaushia, na alizitazama kwa makini sana. "Hii ya pili ni yangu," akasema. "Nilimwambia aweke wavu." Sikupata msamaha wazi siku hiyo. Nilipata managu ya kubeba, na nikayabeba.

Baada ya hapo tulifanya kazi kwa hasira, na naikubali hasira ya aina hiyo. Tuliweka wazi kila kanuni: nani anahariri, makala yanasomwaje, haki ni za nani, nakala zinahifadhiwa katika maktaba zipi ili tukifa zisife nasi. Tulitoa matoleo kwa wakati hata yalipokuwa na makala machache. Majarida ya bure yana orodha yake ya kimataifa, na hao wenye orodha hawakubali jina tu, wanataka kuona mambo hayo yote. Walitukubali. Chuo cha Wambui kikalazimika kutazama upya, na mwaka uliofuata alivaa lile gauni. Mama yake alinitumia picha, bila maneno.

Mzee Barasa alifariki mwaka jana. Kamati ilikaa ukumbini kama kawaida, safari hii ikiwa na marehemu, na nilitajwa jina: Nekesa, sufuria. Siku ya pili Profesa Njoroge alitokea mlangoni. Hatukuwa tumeonana tangu ile kura. Alikuwa na mvi tupu. Matanga ya upande wetu hakuyajua vizuri, kwa hiyo alisimama pale akishika kofia, mpaka mtu akamwambia, "Prof, kuni," naye akaenda kuleta kuni. Alikuja kila siku.

Mwili ulipoondoka kwenda nyumbani, tulibaki wachache kuosha sufuria na kuzirudisha. Profesa alikunja mikono ya shati akasugua, kisha akazibeba, na tukazunguka mtaani nyumba kwa nyumba, mimi nikisoma majina chini na yeye akibisha hodi. Ya mwisho ilikuwa ile kubwa. Mama yangu alishatangulia mbele za haki, lakini rangi nyekundu bado inasomeka. Profesa aliishika kwa muda, akisoma.

"Ile jarida," akasema, "siku hizi wananitoza hata mimi. Nikapeleka makala yangu mwenyewe, nikatumiwa bili."

Nilikuwa nimekaa na hasira ile kwa miaka, na pale barabarani nilishangaa kuona haina uzito wowote tena. Nilimhurumia tu, na nilikuwa nimemkumbuka sana.

Akanikabidhi sufuria yangu.

"Nekesa, mko na makala ya kusoma?"

Nilimtumia mawili. Aliyarudisha yote kabla ya tarehe niliyompa.